Kilimia hakitadumu

Kitazame Kilimia kwa darubini ndogo ya macho mawili. Kwa macho matupu unahesabu nyota sita, labda saba. Kwenye lenzi zinafurika. Kwa jumla zinapita 1,000, umbali wa miaka ya nuru kama 440 kutoka hapa. Ukiziona zilivyosongamana, ni rahisi kuamini wanachoamini wengi: kwamba nyota zilizozaliwa pamoja hukaa pamoja milele. Hazikai.

Tuanze na mkanganyiko mdogo. Kilimia ni fungunyota wazi, na fungunyota wazi si kundinyota. Kundinyota ni picha tunayoichora sisi kwa nyota ambazo mara nyingi hazijuani kabisa. Fungunyota ni ndugu wa kweli, wa wingu moja la gesi na vumbi, wenye umri karibu sawa. Ila hata penye undugu kuna wageni. Dabarani, ile nyota nyekundu ya kundinyota la Ng'ombe, huonekana imekaa ndani ya fungunyota la Hyades, na wengi huihesabu humo. Iko umbali wa miaka ya nuru 65 tu. Hyades iko 150.

Kosa linalonikera zaidi linahusu ule ukungu wa buluu kwenye picha za Kilimia. Huelezwa kwamba ni mabaki ya wingu lililozizaa nyota zake. Inapendeza kusikia, lakini umri haukubali: Kilimia kina miaka zaidi ya milioni 100, na gesi ya uzazi hutoweka ndani ya miaka milioni chache tu. Vumbi lile lina mwendo wake na njia yake. Kilimia kinapita tu katikati yake, na nyota zake zinalimulika, kama taa za gari kwenye ukungu wa barabarani.

Kule kutoweka kwa gesi ndiko mtihani wa kwanza wa fungunyota. Wingu halitumii gesi yake yote kuunda nyota. Sehemu kubwa hubaki. Kisha nyota nzito zinawaka, mionzi na pepo zake zinaipeperusha gesi hiyo, na uzito uliokuwa ukiwashikilia wote unaondoka nayo. Makundi mengi husambaratika hapo hapo, yangali machanga.

Yanayosalia hudhaniwa kwamba yatakwisha nyota zake zitakapozimika moja moja. Kwa kweli fungunyota huvunjika wakati nyota zake nyingi zingali zinawaka vizuri. Hazigongani, maana nafasi kati yake ni kubwa mno, lakini huvutana. Nyota nzito ikipitana na nyepesi, nyepesi hutoka na mwendo zaidi na nzito hupunguza wake. Rudia hayo kwa mamilioni ya miaka: nzito zimezama katikati, nyepesi zinazurura pembezoni. Ukingoni, mwendo wa kama kilomita 1 kwa sekunde unatosha kuitoa nyota moja kwa moja, wakati fungunyota zima linaizunguka galaksi yetu, Njia Nyeupe, kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde.

Na galaksi haikai ikitazama. Mvutano wake unalinyoosha fungunyota, na watoro hutokea pande mbili: upande unaoelekea kitovu cha galaksi na upande wa pili wake. Waliotokea ndani hutangulia, waliotokea nje hubaki nyuma, fungunyota likaota mikia miwili. Mwaka 2019, vipimo vya chombo cha anga cha Gaia viliionyesha mikia hiyo kwenye Hyades, fungunyota lenye umri wa miaka kama milioni 650. Ongeza mawingu makubwa ya molekuli, yaani ya gesi baridi, ambayo moja huweza kuwa na uzito wa Jua mara 100,000 na zaidi. Kilimia kizima hakifiki hata uzito wa Jua mara 2,000. Kikikaribiana sana na wingu la namna hiyo, hakiwezi kupona.

Je, fungunyota wazi kadiri linavyozeeka hugeuka fungunyota tufe? Hapana. Mafungunyota tufe ni ukoo mwingine: nyota malaki, umri wa zaidi ya miaka bilioni 10 kwa mengi yake, na mengi huzunguka mbali nje ya sahani ya Njia Nyeupe.

Si kwamba yote ya wazi ni machanga, hata hivyo. Fungunyota liitwalo M67 lina miaka kama bilioni 4, na jingine, NGC 6791, kama bilioni 8. Wingi wa nyota husaidia, na njia pia: M67 imejiinua juu ya sahani ya galaksi, ambako mawingu ni haba. Ndani yake kuna nyota chache za buluu ambazo mtu angezidhani changa. Ni wazee wenzao, ila zimeongezewa gesi na nyota jirani, au ni nyota mbili zilizoungana.

Na fungunyota likishavunjika, halifutiki mara moja. Katika nyota saba mashuhuri za kundinyota la Dubu Mkubwa, tano zinasafiri pamoja, upande mmoja na kwa mwendo mmoja, umbali wa miaka ya nuru kama 80. Ni ndugu wa kundi moja wanaoendelea kuachana. Zile mbili za pembeni, Dubhe na Alkaid, zina safari zao.