Utando wa dirisha: unazuiaje baridi?

Utando wa dirisha ni plastiki nyembamba, angavu, inayowekwa kwenye dirisha la zamani ili joto la nyumba lisipotee ovyo. Wanaoishi Uingereza katika nyumba za enzi ya Malkia Victoria wanaijua adha yenyewe: fremu ya mbao, kioo kimoja tu, hita inawaka tangu asubuhi, na bado ukikaa karibu na dirisha bega linaganda. Nyingi ni za kupanga, na baadhi zinalindwa na sheria za majengo ya kale, hivyo kuweka madirisha ya vioo viwili hakumo mikononi mwa mpangaji.

Kuna aina mbili, na kazi zake ni tofauti.

Ya kwanza haigusi kioo. Unabandika gundi ya pande mbili kuzunguka fremu yote, unatandaza plastiki, halafu unaipitishia draya ya nywele. Ikipata joto inasinyaa, mikunjo inapotea, inakaza kama ngozi ya ngoma. Kinachozuia baridi hapo ni hewa iliyonaswa kati ya plastiki na kioo, si plastiki. Hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo mno, takriban mara 40 chini ya kioo. Ndiyo maana kona moja ikiachia, faida inapungua sana. Nafasi ya milimita 15 hadi 20 inatosha kabisa. Ila fremu iwe safi na kavu kwanza, maana unyevu ukifungiwa ndani utafanya kioo kitoe jasho na mbao ziote ukungu.

Ya pili hubandikwa kwenye kioo chenyewe kwa maji ya sabuni, mapovu yakasukumwa kwa kipangusio cha mpira. Ina tabaka la metali, jembamba hata huoni, linalorudisha chumbani mionzi ya joto. Kioo kitupu hufyonza zaidi ya asilimia 80 ya mionzi hiyo. Bei yake iko juu, kwa hiyo mpangaji ningemshauri aanze na ile ya draya, tena chumba cha kulala kwanza. Zile nyeusi za kukinga jua ni habari nyingine: hupasha kioo moto, na chenye waya ndani kinaweza kupasuka.

Usizibe kamwe dirisha la kutokea moto ukizuka, wala matundu ya hewa ya chumba chenye hita ya gesi.