XSPEC Haijaharibika: Soma Kwanza Ilichokuandikia

Elimu kwa umma kutoka meza ya msaada, kompyuta za utafiti, Mtwara

Malalamiko kuhusu XSPEC, programu ya kuchambua spektra za eksirei kutoka angani, yameongezeka tangu msimu wa korosho uanze, ingawa korosho hazihusiki. Ni miradi ya mwaka wa mwisho. Kila wiki tunapokea ujumbe wa maneno matatu, "Programu imegoma, msaada," bila jina la faili wala amri iliyoandikwa. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwezi huu kuna utaratibu mpya wa kuripoti hitilafu, nami nimeagizwa niueleze. Nitaueleza. Ila mara nyingi programu imeshakwambia tatizo ni nini, na hukusoma.

Nianze na lile jepesi. Ukiambiwa amri "xspec" haijulikani, hujaamsha HEASoft, kifurushi cha NASA ambacho XSPEC imo ndani yake. Kila dirisha jipya la amri linahitaji faili la "headas-init.sh" lisomwe upya. Si hitilafu, na hatutaki fomu kwa jambo hilo.

Walio Lindi, Nachingwea na Masasi wanaoingia kwa mbali hulalamika kuwa grafu haitokei. Muunganisho wako haukuruhusu madirisha ya picha. Ruhusu, au chora kwenye faili kisha ulipakue. Bando lako nalo litakushukuru.

Kinachotuumiza kichwa hasa ni mafaili. Faili la spektra, yaani hesabu ya fotoni kwa kila kiwango cha nishati, peke yake halitoshi. Lazima liandamane na faili la usuli (fotoni zisizotoka kwenye nyota yako), matriksi ya mwitikio yenye kiambishi "rmf", na faili la eneo la kukusanyia, "arf". Aliyewahi kusimama kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anaelewa haraka: spektra ni gunia lililo juu ya mizani, usuli ni uzito wa gunia tupu, na hayo mawili mengine ndiyo mizani. Hakuna mkulima wa Tandahimba atakayekubali kilo zisizojulikana zimepimwa kwa mizani gani, lakini mtu huyohuyo akija kwetu analeta spektra tupu kwenye flashi na kuuliza nyota yake ina joto gani. Hiyo ni kangomba ya data, kama ule ununuzi wa korosho kwa magendo bila mizani halali.

Majina ya mafaili hayo matatu yameandikwa ndani ya kichwa cha faili la spektra. Mara nyingi ni majina tu, bila njia ya folda. Ukihamisha spektra na kuacha wenzake, au ukiwasha programu ukiwa folda nyingine, XSPEC inaweza kutafuta pale ulipo na kukosa. Hamia kwanza kwenye folda yenye mafaili yote, ndipo uwashe. Afadhali hata likosekane la mwitikio, maana programu itapiga kelele. Kukosekana kwa faili la eneo kunaweza kupita kimya, ukapata mchoro mzuri na mng'ao wa uongo.

Na ukimya ndio ninaouogopa. Chukua amri ya "ignore", inayokata sehemu ya spektra usiyoitaka. Ukiandika namba nzima, 1-10, umetupa chaneli, yaani vijisanduku vya spektra, ya 1 hadi ya 10. Ukiandika 1.0-10.0, umetupa nishati ya keV (kizio cha nishati ya fotoni) 1 hadi 10, yaani sehemu kubwa ya ulichokuja nacho kutoka darubini za eksirei za Chandra au XMM-Newton. Nukta moja. Hakuna onyo jekundu, kwa kuwa amri zote mbili ni halali. Wapo waliokaa na kosa hili muhula mzima, na nakiri kwamba mimi pia, nikiwa mwanafunzi, nilikaa nalo wiki mbili nikimlaumu aliyenipa data.

Njia nyepesi ya kujipima ni kulandanisha modeli, au kama vijana wanavyosema, kufiti, kwenye kitu kinachofahamika. Nebula ya Kaa, masalia ya nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1054, hutoa spektra inayoshuka kwa kipeo cha karibu 2.1. Ukipata 1.2, usiandike kwamba umegundua jambo. Kagua mafaili.

Ujumbe wa kwamba namba iko nje ya mipaka huwapata sana wanaotumia "tbabs", modeli ya ufyonzaji wa eksirei na gesi. Unene wa gesi inayofyonza eksirei huhesabiwa kwa kizio cha atomu 10^22 kwa sentimita moja ya mraba. Kwa hiyo 3×10^21 huandikwa 0.3. Ukiandika 3e21 yote, programu inakukatalia, na ina haki. Modeli hiyo huendana na jedwali la wingi wa elementi liitwalo "wilm". Usipoliita kwa amri ya "abund", programu itabaki na jedwali lake la kawaida, "angr", na unene utakaoupata utakuwa mwingine.

Onyo kwamba kai-mraba, kipimo cha modeli ilivyo mbali na data, huenda si halali maana yake una makundi yasiyo na fotoni hata moja. Unganisha chaneli mpaka kila kundi lifikishe angalau fotoni 20 au 25, au tumia "cstat", kipimo kinachofaa fotoni zikiwa chache. Amri ya "error", inayotafuta mipaka ya makosa, nayo ikigoma kwa kuwa kai-mraba iliyogawanywa kwa digrii za uhuru imezidi 2, msiniombe niilazimishe. Inakwambia modeli yako haijafaa, na mipaka ya makosa juu ya modeli isiyofaa haina kazi.

Sasa utaratibu. Hitilafu itaripotiwa kwa fomu ya kurasa mbili: jina la akaunti, toleo la programu, folda, amri ya mwisho na ujumbe wote kama ulivyotokea. Ambatisha faili la kumbukumbu lililofunguliwa kwa amri ya "log" kabla ya kazi kuanza. Mwanafunzi apate sahihi ya msimamizi wake. Mwalimu ajisainie mwenyewe. Fomu isiyokamilika itarudishwa, na siku za kusubiri zitahesabiwa upya tangu itakapopokelewa tena. Anayeendesha "steppar" (amri inayojaribu thamani nyingi moja baada ya nyingine) za usiku kucha kwenye kompyuta ya kuingilia badala ya foleni ya kazi atapewa onyo la maandishi. Akirudia, akaunti itafungwa siku 7. Mara ya tatu siku 30, na barua kwa msimamizi. Kufungwa kwa akaunti hakufuti data, tafadhali msisambaze uvumi huo. Maelezo haya pia hayachukui nafasi ya mwongozo rasmi wa programu.

Umeme ukikatika, usijaze fomu. XSPEC hujihifadhia hali yake ndani ya folda ya ".xspec" nyumbani kwako, kwenye faili "xautosav.xcm". Washa programu, andika alama ya @ ikifuatwa na njia ya faili hilo, utajikuta ulipoishia.

Meza iko wazi Jumanne na Alhamisi asubuhi. Njooni na faili la kumbukumbu, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu huku taa ya dari imefunika mstari uleule wenye ujumbe.