Limfoma kali: yanayosemwa Ngamiani na yaliyopimwa

Mitoki ya shingo ikikataa kunywea, vibarazani hapa Tanga hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: ni TB, au ni saratani kali na ndiyo basi. TB inawezekana, ila kidole hakiwezi kuitofautisha na limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu inayovimbisha mitoki. Kinyama kikatwe, kipimwe maabara. Na ukali si hati ya kifo. Limfoma ya seli B kubwa (seli B ni aina ya chembe nyeupe za damu) hukua haraka, lakini seli zinazogawanyika mbio ndizo kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, inazozipata vizuri. Wengi hupona kabisa.

“Siku hizi kuna dawa ya kulenga, kemo ya nini?” Dawa hiyo, rituksimabu, hunasa alama iitwayo CD20 juu ya seli B, lakini haikuifuta kemo, iliongezwa juu yake. Utafiti wa Ufaransa na majirani zake, uliochapishwa 2002, ulihusisha wagonjwa 399 wa miaka 60 hadi 80. Baada ya miaka 2, waliopata vyote viwili walikuwa hai 70 katika kila 100. Wa kemo peke yake, 57. Kwa hiyo ile dripu nyekundu ya kemo, inayomwacha mtu akikojoa rangi ya rozela, bado ipo.

Linalonikera zaidi ni “mpya lazima iwe bora.” Kidonge cha ibrutinibu kilitia matumaini kwa waliorudiwa na ugonjwa. Kikaongezwa kwenye tiba hiyohiyo kwa wagonjwa wapya, jumla watu 838. Matokeo ya 2019: kwa ujumla hakikusaidia, na waliozidi miaka 60 kiliwachosha hadi baadhi wakashindwa kumaliza kemo. Bila kupima, kingeuzwa kama mkombozi. Polatuzumabu, dawa nyingine ya kulenga, katika utafiti wa 2022 ilipunguza kurudi kwa ugonjwa. Idadi ya walio hai haikutofautiana.

“Kwenye utafiti wengine hupewa kidonge kitupu, kisicho na dawa, wafe.” La. Kitupu kilitolewa juu ya tiba kamili, na mgonjwa hujitoa akitaka.

Halafu kile kijiua cha pinki cha petali tano uani: kweli vinkristini, moja ya dawa za kemo hiyo, hutoka humo. Usichemshe! Kwenye sufuria hakuna dozi, kuna sumu usiyoijua kipimo.

Kabla ya rituksimabu, uliza kama umepimwa homa ya ini B. Virusi vilivyolala huamka na dawa hii, na vinaweza kuua ini wakati limfoma inayeyuka.