Anapata hedhi kila mwezi, na bado damu imezuiwa ndani

Binti wa miaka 13 akifikishwa kitengo cha dharura amejikunja kwa maumivu ya tumbo la chini, daktari wa zamu huwaza haraka: kidole tumbo, maambukizi ya njia ya mkojo, ovari iliyojisokota, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Ndivyo inavyopasa. Ovari iliyojisokota haisubiri asubuhi, na kipimo cha mimba hufanywa hata kama mama anaapa. Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na wagonjwa wangu wengi ni mabinti. Ninachotaka kukieleza ni kile kinachobaki baada ya hayo yote kuondolewa: kasoro za kuzaliwa za uke na mfuko wa uzazi. Mtoto huzaliwa nazo, hukua nazo bila dalili, hadi anapovunja ungo.

Inayojulikana zaidi ni kizinda kisicho na tundu, kinachopatikana kwa takriban binti 1 kati ya 1,000 hadi 2,000. Matiti yameota, urefu umeongezeka, lakini hedhi haijaonekana, na kila mwezi tumbo linamuuma siku chache. Damu inatoka kwenye mfuko wa uzazi na kukwama ukeni. Uke uliojaa hubana njia ya mkojo, kwa hiyo wengine huletwa kwa sababu wameshindwa kukojoa. Huwekewa mpira wa mkojo, hupewa antibayotiki, na kurudishwa nyumbani. Tumbo likianza kuonekana, minong'ono ya mimba huanza shuleni na mtaani. Na yote haya kwa kitu kinachoonekana kwa macho: ukitenganisha mashavu ya uke taratibu, utaona utando uliotuna, mara nyingi wenye rangi ya buluu. Hakuna kidole kinachoingizwa. Anahitajika tu daktari anayeomba ruhusa kwa heshima, mama au muuguzi akiwa kando, kisha akatazama. (Palipo na ukeketaji wa kushona, damu inaweza kuzuiwa vivyo hivyo, lakini hilo si la kuzaliwa nalo.)

Ninayoihofia zaidi ni nyingine, kwa sababu binti huyu hedhi anaiona. Anatumia pedi kama wenzake. Akiulizwa kama anapata hedhi anajibu ndiyo, na hapo wengi wetu tunaacha kufikiria kuziba. Kumbe ana mifuko miwili ya uzazi. Mmoja unatoa damu vizuri. Wa pili unaishia kwenye upande wa uke ulioziba kwa ukuta wa nyama, na damu yake inarundikana mwezi baada ya mwezi. Upande huohuo hana figo. Kitaalamu huitwa OHVIRA, au ugonjwa wa Herlyn, Werner na Wunderlich. Wawili wa kwanza waliueleza mwaka 1971, Wunderlich mwaka 1976.

Ukijua viungo hivi vinavyoumbika, habari ya figo haikushangazi. Katika wiki za mwanzo za ujauzito kuna jozi mbili za mirija, ya Wolff na ya Müller. Chipukizi linalozaa figo hutoka kwenye mrija wa Wolff. Mirija ya Müller hushuka ikiongozwa na ile ya Wolff, hukutana katikati, huungana na kuwa mfuko mmoja wa uzazi na sehemu ya juu ya uke. Mrija wa Wolff wa upande mmoja ukikwama, figo ya upande huo haitokei, na mrija wa Müller wa upande huo unakosa mwongozo: hauungani na mwenzake, unaishia pasipo na njia. Ovari zina asili nyingine kabisa, kwa hiyo huwa nzima, na mwili hukomaa bila kutia shaka. Upande unaoziba mara nyingi zaidi ni wa kulia, na kulia ndiko kiliko kidole tumbo.

Kwa hiyo nasikiliza kwanza mwendo wa maumivu. Maumivu ya kawaida ya hedhi huja na damu au muda mfupi kabla yake, hutulia ndani ya siku 2 au 3, na dawa huyapunguza. Haya huzidi kila mwezi, huelemea upande mmoja, na huendelea hata damu ikishakoma. Nyumbani yamekwisha kupewa jina: chango. Bibi anachemsha mizizi, shangazi anasema ukizaa yataisha, duka la dawa linatoa diklofenaki ya kutuliza maumivu. Sioni ubaya wao. Wanawake wengi wa ukoo wameumwa na tumbo la hedhi na likapita. Lakini chango linalozidi mwezi hadi mwezi ndani ya mwaka wa kwanza tangu kuvunja ungo linahitaji kipimo. Na diklofenaki ya mara kwa mara huweza kudhuru figo, kwa hiyo si ya kumpa ovyo mtu ambaye huenda ana figo moja.

Wapo ambao ukuta wao una kitundu kidogo. Hao damu huvuja kidogokidogo hata baada ya hedhi, hutokwa na uchafu wenye harufu, na vijidudu vikipanda huja na homa na usaha. Inaniuma sana ninapoona binti wa namna hii anahojiwa kuhusu wanaume badala ya kupimwa.

Ultrasaundi ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, inatosha kuanzia. Ombi langu kwa wenzangu wanaojaza fomu na wanaoshika mashine: msiishie kwenye nyonga. Pandisheni kifaa hadi juu, mhesabu figo. Figo moja, pamoja na uvimbe wenye majimaji mazito chini upande ambao figo haipo, ni jibu karibu kamili. Ripoti ikisema uvimbe wa ovari kwa binti mwenye figo moja, isomwe tena kabla ya kisu kushikwa. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, huonyesha ramani yote vizuri zaidi, ila haipatikani kila mahali. Rufaa ikichelewa, homoni za kusimamisha hedhi humpa nafuu akisubiri.

Tafadhali msichome sindano kunyonya hiyo damu. Kitundu cha sindano hujifunga, vijidudu hubaki ndani, na damu iliyokaa huwa usaha. Wala mfuko wa uzazi wa upande ulioziba usiondolewe kwa haraka. Tiba ni kuukata ule ukuta kwa upana kupitia ukeni, damu nyeusi nzito itoke, njia ibaki wazi. Mifuko yote miwili huachwa, na mimba inaweza kukaa katika wowote kati yake, ingawa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au kutanguliza matako hutokea zaidi. Kuchelewa ndiko kunakoharibu: damu inayorudi nyuma kupitia mirija ya uzazi huweza kuacha makovu na endometriosisi, yaani tishu kama ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake.

Mama karibu wote huniuliza kuhusu bikira. Ni swali la haki na halistahili kubezwa, kwa sababu binti ndiye atakayeishi na maneno ya watu. Nawaeleza kabla ya upasuaji kitakachokatwa na kitakachobaki, binti mwenyewe akisikia, kisha nawapa maelezo kwa maandishi, yenye saini, wayatunze.

Ultrasaundi za ujauzito siku hizi hufichua watoto wa kike wenye figo moja kabla hawajazaliwa. Wazazi huambiwa kwamba figo moja inatosha kuishi, na ni kweli. Waambiwe na la pili: matiti yakianza kuota, wakati hedhi ingali mbele kwa miaka kama 2 au 3, mtoto apigwe ultrasaundi ya nyonga. Liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, maana siku hiyo ikifika daktari atakuwa mwingine.