Bipola haihesabiwi kwa saa

Asubuhi kacheka, jioni kanuna, basi "ana bipola." Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe, nikaona bora niandike kabla sijamjibu vibaya.

Hisia zinazogeuka mara tano kwa siku zina sababu nyingi, na bipola ni nadra kuwa mojawapo. Huu ni ugonjwa wa akili wa vipindi: vya kupanda, yaani mania (au haipomania, iliyo nyepesi zaidi), na vya kushuka, yaani sonona, huzuni nzito. Kwa vigezo vyetu madaktari wa akili mania hudumu wiki nzima, isipokuwa hali ikiwa mbaya hadi mtu alazwe. Haipomania, siku 4 mfululizo. Sonona yake huvuta wiki hata miezi, nayo ndiyo inayokula sehemu kubwa ya maisha ya mgonjwa. Hizo siku 4, kusema kweli, sina imani nazo sana. Aliyewaka siku 3 akamaliza akiba yote simwambii arudi akifikisha ya nne.

Furaha nayo hainishughulishi. Wengi wanaopanda wamejaa hasira tu. Mimi nauliza usingizi. Wenzangu huandika "halali" wakafunga faili. Halali vipi? Mwenye wasiwasi hupata usingizi wa masaa matatu, akaamka hoi, akiulaani usiku. Mwenye mania hupata masaa hayohayo, alfajiri kashaanza kupangua makabati, na mchana kutwa hasinzii. Usingizi wenyewe hauhitaji! Kwake hilo si tatizo, hatalitaja, kwa hiyo muulize anayelala naye nyumba moja.

Ukiruka swali hilo utaona sonona tupu, utaandika dawa za sonona peke yake, na kwa baadhi ya wagonjwa utakuwa umeiwasha mania kwa mkono wako.

Dawa, kwa kifupi: lithiamu, aliyoiripoti daktari wa Australia, John Cade, mwaka 1949, bado naitanguliza, hasa kwa kuwa hupunguza vifo vya kujiua. Damu itolewe masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, kiwango cha lithiamu kiwe kati ya 0.6 na 1.0 mmol/L, figo na tezi ya thairoidi zikaguliwe. Kuharisha au ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, hupandisha kiwango hicho. Valproeti, dawa nyingine ya bipola, kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, hapana.

Kinachonitatiza ni aliyetulia miaka, anayeuliza kama anaweza kuacha. Kitabu kinasema aendelee. Mimi namsikiliza kwanza. Akishikilia, tunapunguza kwa miezi, maana lithiamu ikikatwa ghafla mania hurudi upesi.