Je, wajua kwa nini vikwazo vya kifedha humuuma kigogo wa siasa kuliko kiongozi wa genge?

Mfanyabiashara wa Mwanga, Kigoma, akilipia mzigo wa Guangzhou kwa dola, fedha zake kwa kawaida hupitia benki ya New York kabla ya kufika China. Njiani majina hulinganishwa na orodha ya waliowekewa vikwazo na Wizara ya Fedha ya Marekani. Njia hiyohiyo ndiyo inayombana mwanasiasa wa Haiti.

Naitaja Haiti kwa sababu wengi tulianza kuifuatilia polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince Juni 2024. Kiongozi wa magenge Jimmy Chérizier, maarufu kama Barbecue, aliwekewa vikwazo na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Oktoba 2022, na bado akaendelea kutamba. Nguvu yake iko mtaani, kwenye bunduki na vizuizi vya barabarani. Akaunti ya Miami haimnyimi usingizi.

Kigogo ndiye mwenye cha kupoteza: nyumba ng'ambo, watoto wanaosoma huko, kampuni inayoagiza bidhaa kwa dola. Tena ndiye anayewahitaji vijana wenye silaha, wakati wa uchaguzi hasa. Novemba 2022 Kanada ilimwekea vikwazo rais wa zamani Michel Martelly, ikimtuhumu kuyakingia kifua magenge. Marekani ikafuata Agosti 2024, ikitaja dawa za kulevya.

Ukishaingia kwenye orodha ya Marekani, mali yako iliyoko huko inazuiwa, na kampuni unayomiliki kwa asilimia 50 au zaidi inazuiwa nayo. (Hapo ndipo hisa huhamia ghafla kwa shemeji.) Benki zisizo za Marekani nazo hukukwepa, maana zinakumbuka yaliyoipata BNP Paribas ya Ufaransa: mwaka 2014 ilikubali kulipa takriban dola bilioni 8.9 kwa kukiuka vikwazo dhidi ya Sudan, Iran na Cuba. Baada ya hapo, meneja gani atathubutu?

Umoja wa Mataifa, kwa maoni yangu, ulianzia pasipofaa. Kwa karibu miaka miwili orodha yake ya Haiti ilikuwa ya viongozi wa magenge tu. Septemba 2024 ndipo alipoongezwa mbunge wa zamani, Prophane Victor, anayetuhumiwa kuwapa silaha vijana ambao baadaye waliunda genge la Gran Grif. Kiongozi wa genge hilo, Luckson Elan, aliongezwa pamoja naye. Siku chache baadaye, tarehe 3 Oktoba, Gran Grif waliua watu wasiopungua 70 huko Pont-Sondé.

Vikwazo vilichelewa. Genge changa hutegemea mfuko wa mwanasiasa, na ukiufunga mfuko huo linayumba. Likishajifunza kuteka watu na kutoza magari barabarani, halimhitaji tena aliyelilea, na kumfungia yeye akaunti hakupunguzi hata risasi moja.