Kabla ya Kutuandikia Kwamba Programu ya Kinu Imeharibika

Tangu tutoe toleo jipya la modeli yetu, programu ya kompyuta ya kukokotoa vipimo vya kinu cha muunganiko wa nyuklia, barua za malalamiko zimeongezeka. Kwa kuwa baadhi zimeandikwa kwa Kiswahili na wanafunzi wa uhandisi walioko Afrika Mashariki, wakuu wangu hapa Uingereza wameniagiza niwajibu kwa lugha hiyo hiyo. Nyingi zinasema kitu kimoja: "Toleo la zamani lilinipa kinu chenye nusukipenyo cha mita 8.9, hili jipya linanipa 9.1. Rekebisheni." Tumezisoma zote, na tunashukuru. Lakini hatutarekebisha, kwa sababu lililokuwa na kosa ni lile la zamani.

Ninazungumzia muunganiko wa nyuklia, yaani viini vyepesi vya atomu kuungana na kutoa nishati, si mpasuko, ambapo viini vizito kama vya urani hupasuliwa. Urani ya Mkuju haihusiki, na wala si kinu ambacho Kenya inapanga kujenga. Nimeshaeleza hili mara nyingi kiasi kwamba sitaendelea nalo.

Programu zinazoleta maswali haya ni za kukokotoa mtambo mzima kwa pamoja. Inayojulikana sana ni PROCESS, inayotunzwa na UKAEA, mamlaka ya nishati ya atomiki ya Uingereza, pale Culham. Chimbuko lake ni programu iliyoitwa TETRA, ya maabara ya Oak Ridge nchini Marekani, miaka ya 1980. PROCESS haifuatilii msukosuko wa plazma, ile gesi ya joto kali mno ambamo muunganiko hutokea, ndani ya kinu. Hiyo ni kazi ya programu nyingine, zinazoweza kuikalia kompyuta kubwa kwa siku kadhaa. Yenyewe inapanga sumaku zinazoishikilia plazma, blanketi (tabaka nene linaloizunguka), pampu, mitambo ya kupozea na gharama zake kwenye meza moja, kisha inatafuta vipimo ambavyo kila sehemu inaweza kuishi navyo. Ukitaka sumaku kali zaidi, unahitaji chuma kinene zaidi cha kuishikilia. Chuma kikinenepa, kinakula nafasi ya katikati ya kinu. Ili kuipata tena unaongeza nusukipenyo, na bei inapanda. Hesabu hiyo inakwisha kwenye kompyuta mpakato yako kabla chai haijapoa, na nadhani urahisi huo ndio unaowadanganya watu. Jibu lililokuja haraka, lenye desimali nne, linaonekana kama kipimo cha rula.

Si kipimo. Chukua suala la plazma kutunza joto lake. Modeli za aina hii hazilikokotoi kutoka kwenye misingi ya fizikia. Zinatumia kanuni iliyopatikana kwa kulinganisha takwimu za majaribio ya mashine nyingi, na inayotumika sana ni ya mwaka 1998. Kanuni hiyo inazieleza vizuri mashine zilizomo ndani ya takwimu zake. Kinu cha kuzalisha umeme hakimo, kwa kuwa hakuna aliyekijenga bado. Juu ya kanuni hiyo mtumiaji huweka kizidishi chake: akiweka 1.0 anapata kinu kimoja, akiweka 1.2 anapata kingine kidogo na cha bei nafuu. Kwa hiyo mtu akituletea tasnifu yenye kinu cha bei poa, jicho letu linakwenda kwanza kwenye kizidishi.

Halafu kuna vizio vya vipimo. Hapa Waswahili hatuna kisingizio, maana tumekua na saa mbili. Ukimwambia mgeni mkutane "saa mbili", yeye akaelewa saa mbili ya Kizungu, hakuna aliyesema uongo, ila mmoja atasimama kituoni saa sita nzima. Ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu, ni vivyo hivyo: fomula moja inataka nishati kwa juli, ya jirani yake inataka kilo-elektronivolti, na namba ni namba tu, haipigi kelele. Kosa la namna hiyo linaweza kulala miaka. La kwetu, lile lililosogeza nusukipenyo, lilitokana na megawati za joto kuingia mahali palipotaka megawati za umeme.

Kosa hilo hilo nalikuta magazetini, na naomba nilitaje kwa sababu linatupotezea muda. ITER, mashine ya majaribio ya muunganiko inayojengwa kusini mwa Ufaransa, imelengwa kutoa megawati 500 za muunganiko kwa megawati 50 za joto linaloingizwa kwenye plazma. Watu wanaandika kwamba "itazalisha umeme mara kumi". Haitazalisha umeme wowote. Haina hata jenereta ya kugeuza joto hilo kuwa umeme. Tarehe 3 Oktoba 2023 mashine ya JET, pale pale Culham, ilitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 tu za mafuta, rekodi tunayoiheshimu sana. Megajuli 69 ni kama uniti 19 za LUKU, tena za joto, si za umeme uliofika kwenye mita. Lini umeme wa muunganiko utamfikia mwananchi, taasisi haitoi tamko, nami sitoi.

Kuna mahali ambapo desimali ya pili inaamua kila kitu. Kinu cha gigawati 1 ya muunganiko, kikifanya kazi mwaka mzima bila kusimama, kinachoma takribani kilo 55 za tritiamu, aina ya hidrojeni inayotumika kama mafuta. Gesi hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3, hivyo haiwekwi akiba kama mahindi. Lazima kinu kiizalishe chenyewe kutoka kwenye lithiamu iliyomo ndani ya blanketi, nyutroni zinapoipiga. (Ndiyo, lithiamu kama ile ya Manono, Kongo. Hapana, hatununui.) Modeli ikisema kwa kila atomu moja ya tritiamu inayoungua zinazaliwa 1.05, mtambo unajiendesha. Ikisema 0.98, umechora jengo la gharama kubwa litakaloishiwa mafuta. Tofauti hiyo inaweza kutokana na unene wa ukuta mmoja ulioandikwa vibaya kwenye faili. Ndiyo maana hesabu za nyutroni tunazirudia kwa programu tofauti, OpenMC ikiwemo, kabla ya kuziamini.

Msimbo (wengi mnasema "kodi", nikisikia nadhani ni TRA) unazeeka hata usipoguswa na mtu. Sehemu kubwa ya programu hizi ilizaliwa kwa Fortran, lugha kongwe ya kuandikia programu, enzi ambazo jina la kigeu halikuruhusiwa kuzidi herufi sita. Kuzihamishia kwenye Python, lugha ya siku hizi, si kutafsiri tu. Ni kumtafuta mzee aliyestaafu umuulize kwa nini mwaka 1991 aliweka 0.87 katikati ya fomula bila maelezo. Mzee wetu mmoja alijibu kwamba hakumbuki, ila alikuwa na sababu nzuri.

Sasa utaratibu. Ukiona tofauti au hitilafu, fungua taarifa kwenye ghala la msimbo (mahali mtandaoni unapohifadhiwa), taarifa moja kwa tatizo moja. Andika namba kamili ya toleo, si "la karibuni". Ambatisha faili la ingizo, lile lenye namba ulizoipa programu, kama lilivyo. Nakili ujumbe wa kosa kwa maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haitafutiki. Taja mfumo endeshi. Kisha mtu wetu atarudia hesabu yako. Akilipata kosa, litarekebishwa kwenye tawi la pembeni, yaani nakala ya kando ya msimbo, majaribio yote yataendeshwa upya, na matokeo kulinganishwa na ya awali. Kigezo chochote kikisogea kwa zaidi ya asilimia 5, aliyebadilisha ataandika sababu, na mkaguzi ambaye si mwandishi wa badiliko ataweka sahihi. Asiporidhika, badiliko linarudi. Taarifa isiyo na faili la ingizo tunaisubiri siku 30, halafu tunaifunga. Kuifungua tena kwa hasira hakuanzishi siku 30 nyingine.

Kuhusu leseni: msimbo kuwa wazi hakumaanishi hauna mwenyewe. Unaruhusiwa kuunakili, kuubadilisha, hata kuuza ulichojenga juu yake, mradi notisi ya hakimiliki ibaki. Ukiifuta umevunja hakimiliki, na tumeshawahi kuomba ripoti iondolewe mtandaoni kwa sababu hiyo. Pia msituwekee kwenye ghala la wazi michoro au data mliyopewa na kampuni kwa siri. Baadhi ya teknolojia, zikiwemo za tritiamu, ziko chini ya sheria za Uingereza za kudhibiti bidhaa zinazopelekwa nje ya nchi, na kuzikwepa kwa makusudi adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 10. Kosa la bahati mbaya tunalishughulikia kwa upole, lakini linatulazimu kufunga ghala zima wakati wa uchunguzi, na wengine wote wanasubiri.

Aliyetuandikia kuhusu mita 9.1 alituma picha ya skrini bila faili. Amebakiwa na siku 11.